Macho Elfu, Shahidi Mmoja

Mtu mmoja akisema ameona taa za ajabu angani usiku, tunamuuliza alikuwa amekunywa nini. Wakisema watu kumi, tunanyamaza. Kikisema kijiji kizima, habari inapanda redioni, na atakayethubutu kuhoji anajibiwa: kwani wote hao ni vipofu?

Hapo ndipo tunapopotoka. Tumelelewa na methali: lisemwalo lipo, na penye wazee hapaharibiki neno. Kwenye mambo ya shamba, ndoa na mirathi methali hizo zina kazi yake, kwa sababu wazee kumi wanajua mipaka ya shamba kuliko mzee mmoja. Zikipelekwa angani usiku zinapotosha. Hakuna kati ya wale kumi anayejua kile kitu kilikuwa mbali kiasi gani, kilikuwa kikubwa kiasi gani, wala kama kilikuwa kimoja. Wote wanakisia, kisha wanakisia kwa pamoja, na kisio la pamoja linatoka na ujasiri ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nao peke yake.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1968, watu wa majimbo kadhaa ya Marekani waliona msururu wa mioto ukikatiza anga kimya kimya. Ilikuwa mabaki ya urushaji wa chombo cha Kisovieti, Zond 4, yakirudi duniani na kuungua makumi ya kilomita juu ya vichwa vyao. Taarifa zao zikaandikwa na kupelekwa kwa Jeshi la Anga, na mwanafalaki William Hartmann akazichambua kwa ajili ya jopo la Chuo Kikuu cha Colorado lililoongozwa na Edward Condon, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 1969. Mchunguzi huyu alikuwa na bahati ambayo wachunguzi wengi hawaipati: kilichopita angani kilijulikana, kwa hiyo maneno ya walioona yangeweza kupimwa, moja baada ya jingine.

Wapo waliosema sawasawa: vipande vinavyowaka, vinasafiri pamoja, vinaacha mkia. Lakini wapo walioona chombo kimoja kirefu chenye umbo la sigara, kina madirisha yanayong'aa ubavuni, kinapita chini chini karibu na vilele vya miti. Maelezo yao yalifika mpaka kwenye mabati yaliyounganishwa kwa ribiti. Shahidi mmoja wa Ohio, aliyetazama kwa darubini, aliona visahani vitatu. Na walioona madirisha hawakuwa watu waliojitenga, kila mmoja na ndoto yake. Walikuwa makundi, wamesimama pamoja, wamekubaliana kuhusu ubavu wa chombo ambacho hakikuwepo. Mioto ilikuwepo kweli. Giza lililokuwa katikati ya moto mmoja na mwingine ndilo walilolijaza bati.

Hartmann aliona na jambo la pili ambalo wahariri wetu wangelibandika ukutani. Waliosisimka zaidi na kukosea zaidi ndio waliokuwa wepesi zaidi kuandika. Aliyeona vipande vya moto akavitambua alikwenda kulala. Aliyeona madirisha alichukua kalamu. Maana yake ni kwamba hata hesabu ya mashahidi inapinda kabla hatujaanza kuhesabu: wenye kosa wanajileta wenyewe, wenye jibu wanabaki nyumbani.

Kwa nini watu wanakubaliana juu ya kisichokuwepo? Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif alichapisha majaribio ambayo yangepaswa kufundishwa katika kila shule ya uandishi wa habari. Aliwaweka watu katika chumba chenye giza totoro, akawaonyesha nukta ya mwanga isiyosogea hata kidogo. Jicho lisipokuwa na ukuta, mti wala paa la kulinganishia, huona nukta hiyo inatembea. Kila mtu akiwa peke yake alitaja umbali wake: huyu kidogo, yule sana. Walipowekwa pamoja na kutaja kwa sauti, majibu yao yalianza kukaribiana mpaka yakatulia kwenye kiasi kimoja. Walipotenganishwa tena, kila mmoja aliendelea kushika kiasi cha kundi. Hakuna aliyedanganya wala aliyetishwa, na nukta haikusogea. Kama Sherif angewaita mahakamani, wangetoa ushahidi unaolingana.

Sasa toka nje ya chumba hicho usimame uwanjani, usiku usio na mwezi, pamoja na shangazi, binamu na majirani, wote mkiitazama nyota moja juu ya mlima. Mmoja akisema "imesogea", itasogea.

Mtetezi wa wingi hapa huleta Phoenix. Tarehe 13 Machi 1997 maelfu ya wakazi wa Arizona waliona taa angani, na mpaka leo tukio hilo linatajwa kama lisilobishika kwa sababu ya idadi yao. Ukilichambua, unakuta matukio mawili yaliyoshonwa kuwa moja. Mnamo saa mbili usiku ulipita mpangilio wa taa wenye umbo la pembe. Mnamo saa nne ikaonekana safu ya taa iliyoning'inia upande wa kusini-magharibi mwa mji, kisha ikaonekana kuzimika, taa moja baada ya nyingine. Zile za saa nne zilikuwa vimulika vya kijeshi, vinavyodondoshwa na ndege na kushuka taratibu kwa parachuti, vilivyoachwa na ndege za A-10 za kikosi cha Maryland juu ya uwanja wa mazoezi wa Barry Goldwater. Wachunguzi walichukua video ya usiku wakailinganisha na picha ya mchana iliyopigwa kutoka upande huohuo: kila taa ilipotea pale hasa ulipo mgongo wa milima ya Estrella. Hazikuzimika. Zilishuka nyuma ya mlima ambao gizani hakuna aliyeuona.

Na zile za saa mbili? Kijana mmoja mpenzi wa elimu ya nyota alizielekezea darubini yake uani kwao, akaona ndege zikiruka kwa mpangilio. Jicho moja lenye kioo lilijua zaidi ya maelfu ya macho matupu. Lakini nani anamkumbuka? Alikuwa mmoja, nao walikuwa wengi.

Nguzo ya pili ya imani hii ni heshima. Tukiambiwa aliyeona ni rubani, askari au mkubwa wa serikali, tunavua kofia. J. Allen Hynek, mwanafalaki aliyekuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Marekani katika uchunguzi wa taarifa za vitu vya ajabu angani kwa miaka mingi, na ambaye mwishoni aliwaunga mkono walioamini kuna jambo la kweli, aliandika mwaka 1977 kwamba marubani, kinyume na matarajio, ni mashahidi dhaifu kwa kiasi fulani. Sababu haiwadhalilishi. Rubani akiona taa mbele yake, kazi yake ni kudhani ni ndege inayokuja kumgonga na kukwepa kwanza. Akiikwepa Zuhura, hakuna aliyekufa. Akiidharau ndege akidhani ni Zuhura, wamekufa abiria wote. Mafunzo yake yanamtaka akosee upande wa hofu, na anafanya vyema. Sisi ndio tunaokosea tunapoigeuza hofu hiyo kuwa ushahidi.

Nasikia tayari: na Zimbabwe je? Mnamo tarehe 14 Septemba 1994 watu wa kusini mwa Afrika waliona mianga mikubwa ikivuka anga, nayo ilikuwa mabaki ya roketi ya Kirusi yakiungua. Nchi ikiwa bado inazungumza, tarehe 16 wanafunzi wapatao 60 wa Shule ya Ariel huko Ruwa wakasema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao, mchana. Sitawaita watoto hao waongo, sina sababu. Nasema tu kwamba wachunguzi walifika baada ya siku kadhaa, watoto wakiwa wameshakaa pamoja, wameshakwenda nyumbani, wameshaulizwa na wazazi na wamesharudi. Darasa likileta karatasi 60 zenye jibu moja baada ya kukaa pamoja siku kadhaa, mwalimu mwenye akili hasemi jibu limethibitishwa mara 60. Anauliza nani aliandika kwanza.

Hilo ndilo swali. Wangapi waliona? Halina faida. Nani aliandika alichoona kabla hajazungumza na mwenzake, na aliandika nini: saa ngapi, upande gani, juu kiasi gani, kwa muda gani? Mashahidi wawili walio kilomita 30 mbalimbali, wasiojuana, kila mmoja na saa yake na upande wake, wana thamani kuliko kijiji kizima kilichokusanyika chini ya mwembe.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, pima taa iko ngumi ngapi juu ya upeo: ngumi moja ni takriban nyuzi 10. Tazama saa. Andika pia kama ni saa mbili yetu au ile ya simu, maana habari nyingi zimeharibikia hapo: ya jioni ikasomwa kuwa ya alfajiri. Ukiwa na mambo yale manne, yaani saa, upande, urefu na muda, sehemu kubwa ya maajabu hujibu yenyewe. Taa nyeupe kali upande wa magharibi baada ya jua kuzama, inayolifuata gari lenu njia nzima na kuzama kabla ya usiku wa manane, kwa kawaida ni Zuhura. Ikiwa ni usiku wa manane, Zuhura haiwezi kuwa, na uchunguzi umesonga hatua. Nukta inayovuka anga kwa dakika chache bila kumetameta, kisha ikafifia katikati ya anga tupu, ni setilaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Shanga za nukta zinazofuatana mstari mmoja ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, ambazo dunia nzima imekuwa ikizipigia kelele tangu Mei 2019. Taa iliyosimama dakika kadhaa kisha ikageuka kuwa mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, ni ndege iliyokuwa ikija usawa wako.

Tena kwetu kuna taa ambazo vitabu vya Ulaya havizijui. Ukisimama kwenye vilima vya Kigoma usiku wa giza, utaona safu ya taa zimening'inia hewani, mbali, nyingine zikisogea. Ni wavuvi wa dagaa na taa zao, karabai za zamani au balbu za betri za siku hizi. Upeo wa ziwa umemezwa na giza, na jicho halina pa kuweka maji. Muulize aliyeziona kama kulikuwa na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi hupumzika, na taa nazo.

Wenye kudhihaki wasishangilie. Anayesema "walikuwa wamelewa" hajachunguza zaidi ya anayesema "wote hawawezi kukosea". Wote wawili wamemtazama shahidi wakaiacha anga. Gavana wa Arizona wakati wa taa za Phoenix, Fife Symington, aliyafanya yote mawili. Mwaka 1997 aliitisha waandishi wa habari akamleta msaidizi wake aliyevaa mavazi ya kiumbe wa sayari nyingine, watu wakacheka. Mwaka 2007 akasema naye alikuwa ameona chombo usiku ule wa Phoenix, watu wakaduwaa. Kicheko chake hakikueleza taa yoyote, na cheo chake hakikuongeza chochote.

Wanaoheshimu fumbo la kweli hufanya kazi tofauti. Katika bonde la Hessdalen nchini Norway, taa zilisemwa sana kuanzia mwaka 1981. Wachunguzi hawakukaa kuhesabu watu. Mwaka 1984 walipeleka kamera na rada, na mwaka 1998 wakaweka kituo kinachopiga picha chenyewe. Baadhi ya taa zikawa magari na ndege. Nyingine bado zinabishaniwa na wanasayansi, kwa vipimo. Ufaransa ina ofisi ndani ya shirika lake la anga, iliyoanza mwaka 1977, ambayo hutenga taarifa zilizokosa maelezo kwa sababu data ni haba na zile zilizokosa maelezo ingawa data inatosha. Sisi zote tunazitupa kapu moja tunaloliita "miujiza".

Na tunajua kufanya vizuri zaidi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilikwenda, likapima, likaichukua, likasema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeuliza walioiona ni wangapi, kwa sababu chuma kilikuwepo cha kupimwa. Taa haiachi chuma. Inaacha maneno tu, na ndiyo maana maneno hayo yanahitaji ukali zaidi kuliko pete ile, wala si upole zaidi.

Kwa hiyo mhariri akiletewa habari ya taa angani, asikubali "wananchi wengi walishuhudia" ishike nafasi ya saa, upande, urefu na muda. Habari yenye mambo hayo manne kutoka kwa mtu mmoja inaweza kuchunguzwa hata akiwa amekosea. Habari isiyo nayo, hata ikiwa na mashahidi elfu, ibaki barazani inakostahili.