Matofali ya Kuchezea na Insha za Kukariri

Mtu mzima akionekana amepiga magoti sakafuni akipanga vitofali vya plastiki, wengi wetu tutadhani ama anamtumbuiza mtoto wake, ama hana kazi ya kufanya. Ndivyo tulivyolelewa. Mchezo ni wa watoto, na mtoto naye akianza kubaleghe huambiwa auache akashike kitabu. Ilhali kule Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wenye kazi zao na jamaa zao ambao hutumia jioni nyingi wakijenga diorama, yaani mandhari kamili iliyoundwa kwa udogo: kasri, bandari, mtaa wa kale, au mji wa sayari isiyokuwapo. Nataka kuwatetea watu hawa, na si kwa sababu nina mapenzi na plastiki. Wanalijua jambo ambalo shule zetu, hasa katika somo la insha, zimelipa kisogo.

Kwanza tulitazame tofali lenyewe. Linalojulikana zaidi ni lile la LEGO, kampuni iliyotokana na karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea mwaka 1932 katika mji wa Billund, Denmark. Jina hilo liliundwa kutokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya “cheza vizuri”. Mnamo Januari 28, 1958, mwanawe Godtfred aliomba hataza ya tofali lenye vinundu juu na mirija ndani, na hadi leo tofali la mwaka ule hushikana na lililotoka kiwandani jana. Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alionyesha kwamba matofali sita ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Matofali sita tu!

Walakini tofali haliuzwi peke yake. Aghalabu huja katika sanduku lenye picha juu yake na kijitabu ndani: chukua hiki, weka hapa, geuza ukurasa. Anayekifuata kijitabu hupata alichoahidiwa, na sina ugomvi naye. Mikono hujifunza hivyo, na wajenzi wengi wa diorama walianzia papo hapo. Tofauti huanza siku ile mtu anapokifunga kijitabu.

Mwaka 2010 kampuni hiyo iliuza kasri la Hogwarts, ile shule ya wachawi katika hadithi za Harry Potter, likiwa na vipande 1,290. Miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya wajenzi hawa mjini Seattle, Marekani, Alice Finch alilionyesha kasri lake mwenyewe la shule iyo hiyo. Lilikuwa na vipande vipatavyo 400,000 na lilimchukua miezi 12. Hapakuwa na kijitabu cha kumwelekeza. Kila ngazi na kila dirisha vilimdai uamuzi.

Hata hivyo wingi wa vipande si hoja, na kwa kweli nachoshwa na wanaoyapima majengo haya kwa idadi kama magunia ya mahindi. Zaidi navutiwa na Mike Doyle, Mmarekani ambaye mnamo 2011 alijenga nyumba kuukuu iliyobebwa na tope, mbao zake zimefumuka na paa limelegea, pasipo gundi wala rangi ya kupaka. Tofali la mraba lilibuniwa ili lijenge kitu kilichonyooka. Kulilazimisha lijenge uozo na tope ni kulitia katika lugha ambayo halikuzaliwa nayo. Ndiyo maana mafundi wa diorama huvisifu sana vipande vilivyotumiwa kinyume cha vilivyokusudiwa. Kimkate kilichopinda kama mwezi mchanga, kilichotengenezwa kiwe chakula cha visanamu, hugeuzwa nakshi ya kichwa cha nguzo. Chura huwa pambo la ukingo wa paa. Mwalimu wa fasihi akiyaona haya hahitaji kuelezwa istiari ni nini.

Na asidhani mtu kwamba uraibu huu hauna kauli ila ya kasri za Wazungu. Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, ambaye kwake kazi hii imekwisha kuwa riziki, hutumia matofali meusi. Mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini Toronto alionyesha Kumbi Saleh, mji unaoaminiwa na wengi kuwa ndio uliokuwa makao ya wafalme wa Ghana ya kale. Magofu yake yamo nchini Mauritania. Nimako hakuyajenga magofu. Aliujenga mji huo kama utakavyokuwa mwaka 3020, kwa vipande vipatavyo 100,000. Kijitabu cha mji huo kingepatikana wapi?

Sasa tuingie darasani. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea ya insha yake hayakuzikwa nao. Chukua rundo la insha za wanafunzi wa kidato chochote. Jua litachomoza matlai kwa madaha, ndege watatumbuiza, na msimulizi atarauka akiwa na furaha isiyo kifani, hata kama kichwa cha insha ni mazishi. Maneno hayo si mabaya. Ni matofali mazuri sana. Shida ni kwamba yamenunuliwa pamoja na kijitabu chake, na mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa kwamba tofali la jua laweza kuwekwa penginepo, au kuachwa kando.

Mwalimu atanijibu kwamba ana wanafunzi 60, hana LEGO, na anayekariri hupata alama. Kuhusu LEGO, ni kweli ni ghali, wala siwaombi wazazi waongezewe mzigo mwingine juu ya ule ulioletwa na mtaala wa umilisi tangu 2019, ambao nao huutaja ubunifu kila ukurasa. Watoto wetu wa magari ya waya na nyumba za udongo hawajapungukiwa vifaa. Kuhusu alama, hilo ni gumu zaidi, na lawama si ya mwalimu peke yake. Msahihishaji anayelipa alama jua la elfu moja lililochomoza vilevile ndiye anayekichapisha kijitabu.

Hata hivyo jaribio moja halihitaji ruhusa ya mtu wala pesa. Malenga wetu walikwisha kulifanya: kipande cha mshororo chenye mizani 8 hakina nafasi kubwa kuliko tofali la vinundu vinane, na humo waliingiza mahaba, vita na kifo. Mpe mwanafunzi maneno sita ya kawaida, mathalani mlango, tope, chumvi, dada, saa na daraja. Mwambie aandike ukurasa mmoja juu ya nyumba iliyoachwa, kila neno lifanye kazi ambayo si yake ya kila siku, na asitumie methali hata moja. Wiki inayofuata mrudishie maneno yayo hayo aandike juu ya soko. Wajenzi wa diorama nao hufanya hivyo: maonyesho yakiisha, wengi wao huyabomoa waliyoyajenga, wakayapanga matofali kwa rangi na umbo katika makasha, yakingojea jengo jingine.