Kukamatwa Si Ushahidi

Kila kijana anaponyakuliwa, kuna sentensi moja inayozunguka kwenye vibanda vya Kibera na steji za Kawangware: "Serikali haiwezi kumkamata mtu bure." Ingekuwa inasemwa na mpita njia, ningeipuuza. Lakini husemwa na majirani waliokula naye meza moja, na fundi aliyemfunza kazi, wakati mwingine hata na mjomba wake. Nchi ikiwa vitani, au ikiambiwa iko vitani, sauti hupanda zaidi na sentensi ya pili huongezwa: vita ni vita, mahakama itangoja.

Nasema imani hiyo ni ya uongo. Wa kwanza kuumizwa nayo ni sisi wakaazi wa mitaa ya mabati, maana misako ya Nairobi mara nyingi huanzia kwetu.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wa serikali ya kikoloni waliuzingira mji huu katika msako walioupa jina la Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapakiwa malori. Mbele yao aliketi mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho tu, ambaye watu walimwita gakunia. Aliyepita mbele yake alitazamwa. Gunia likitikisa kichwa, mtu huyo alitengwa. Hakujua aliyemtaja ni nani wala alimtaja kwa kosa gani, na hakupewa siku ya kujibu. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa katika msako huo. Wengi walipitia kambi ya Lang'ata, upande huu wetu wa mji, kisha wakapelekwa kwa treni hadi Mackinnon Road na Manyani. Kawangware wakati huo haikuwa hata ndani ya mji. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, katika ardhi iliyotengewa Wakikuyu.

Huko kambini walipangwa kwa rangi: weupe, kijivu, weusi. Mweupe alirudi nyumbani, mweusi alisukumwa kambi za mbali zaidi. Rangi hiyo haikutolewa na hakimu. Ilitolewa na mhoji, na njia ya kuibadilisha ilikuwa moja, kukiri. Asiyekuwa na la kukiri ndiye aliyekuwa taabani kuliko wote, kwa sababu ukweli wake ulihesabiwa kuwa ukaidi. Wambugu wa Nyingi alikamatwa Desemba 1952. Kwa maelezo yake alikuwa mwanachama wa chama cha KAU, hakuwa Mau Mau. Alikaa kizuizini miaka tisa hivi bila kufunguliwa shtaka lolote, na alikuwa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo askari wa kambi waliwapiga virungu wazuiliwa 11 hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai waliofariki walikunywa maji yaliyowadhuru. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikuwa amemwandikia Gavana Baring kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Nimekaa hapo kwa sababu Wakenya wote leo huililia Hola. Tunaililia kwa kuwa historia imeshawatakasa wale watu. Mwaka 1954 hali haikuwa hivyo. Wakati malori yanapita, Wakenya wengi wa makabila mengine waliingia kwenye kazi na vyumba vilivyoachwa wazi Nairobi, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba waliochukuliwa walikuwa na lao. Serikali yenyewe ilikuwa na zaidi ya watu 70,000 kizuizini kufikia mwisho wa mwaka ule. Anayeamini kwamba serikali haimkamati mtu bure aniambie ni yupi kati ya wale 70,000 alithibitishiwa hatia na gunia.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi hudhani kwamba vitani sheria hulala. Hailali. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 iliandikwa kwa ajili ya vita. Inakubali kabisa kwamba mwanajeshi wa adui aliyetekwa anaweza kushikiliwa bila shtaka mpaka mapigano yaishe, kwa sababu kupigana si kosa lake. Lakini jina lake lazima liandikishwe, ndugu zake wapate habari, Msalaba Mwekundu umtembelee, asipigwe, na vita vikiisha arudi kwao. Raia naye anayezuiliwa kwa sababu za usalama ana haki ya kupinga kuzuiliwa kwake, na uamuzi huo lazima utazamwe upya angalau mara mbili kwa mwaka. Hata katika vita vya ndani ya nchi moja kuna kifungu cha tatu, ambacho mikataba yote minne inacho: hakuna mateso, hakuna hukumu bila mahakama ya kweli. Kenya ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1966.

Kwa hiyo hakuna binadamu anayekosa sheria ya kumlinda. Kama si mfungwa wa vita wala raia aliyezuiliwa kwa masharti hayo, ni mshukiwa, na mshukiwa hupelekwa kortini. Ujanja wa serikali nyingi umekuwa kumweka mtu katikati. Waingereza walikataa kuiita Mau Mau vita, wakasema ni hali ya hatari tu. Mwaka 1953 walikuwa wameupanua Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hadi Kenya, kisha wakatangaza kwamba baadhi ya haki zake zimewekwa kando kwa sababu ya dharura hiyohiyo. Basi mpiganaji aliyekamatwa na silaha alinyongwa kama mhalifu, kwa kuwa hakuna vita. Zaidi ya 1,000 walinyongwa. Na mwenzake aliyekamatwa mikono mitupu alifungiwa bila kesi, kwa kuwa kuna vita. Marekani ilifanya vivyo hivyo Guantanamo tangu 2002: tuko vitani, kwa hiyo tunawashikilia; lakini nyinyi si wafungwa wa vita, kwa hiyo msidai Geneva. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibidi itamke mwaka 2006 kwamba kile kifungu cha tatu kinawahusu, na mwaka 2008 kwamba wana haki ya kupinga kuzuiliwa kwao mbele ya jaji.

Tulipopata uhuru tuliurithi ujanja huo pamoja na magereza yake. Marekebisho ya 1966 ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma yalimpa waziri kalamu ileile ya gavana. Mbunge aliyewakilisha Kibera kwa miaka mingi chini ya eneo la Lang'ata, Raila Odinga, alishtakiwa kwa uhaini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mwaka 1983 serikali iliondoa shtaka, kisha ikamweka kizuizini hadi 1988. Tazama mpangilio huo vizuri. Kesi ilipoondolewa, hakurudi nyumbani. Wakaazi wa Kibera waliomwimba Raila kwa jina la Baba miaka yote hiyo, kisha leo wanasema mtu hakamatwi bure, hawajayaweka mambo hayo mawili pamoja.

Najua jibu litakalokuja: hawa wa sasa ni magaidi, si wapigania uhuru. Nani awahurumie watu waliolipua ubalozi wa Marekani?

Basi tuzungumze juu ya ubalozi. Tarehe 7 Agosti 1998 watu zaidi ya 200 waliuawa hapa Nairobi. Washtakiwa wanne walisomewa mashtaka New York, mashahidi wakaitwa, mawakili wakawahoji, na mwaka 2001 wote wanne walifungwa maisha. Kesi ilikuwa wazi na hatia ikathibitishwa. Mshukiwa mwingine wa shambulio hilohilo, Ahmed Ghailani wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha akapelekwa Guantanamo. Alipofikishwa mahakamani hatimaye, jaji alimkataa shahidi mkubwa wa serikali, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kupitia mahojiano ya mabavu. Ghailani alipatikana na hatia ya shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280, na hilo moja likatosha kumfunga maisha. Mateso hayakuipa kesi nguvu yoyote. Yaliinyang'anya ushahidi, na aliyeathirika ni mjane wa Nairobi aliyetaka kusikia kila kitu kikisemwa hadharani.

Kibaya zaidi ni kisa cha Mohammed Abdul Malik Bajabu, Mkenya aliyekamatwa Mombasa Februari 2007, akakabidhiwa Wamarekani na kupelekwa Guantanamo. Alihusishwa na shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, karibu miaka 18 baadaye, bila kushtakiwa hata siku moja. Kama hakuhusika, ameporwa ujana wake. Kama alihusika, familia za Kikambala zimenyimwa kesi yao milele. Hakuna upande wowote uliopata haki hapo, na usalama wenyewe sijauona.

Mapema mwaka huohuo wa 2007, makumi ya watu waliokuwa wamekimbia vita vya Somalia, wakiwemo wanawake na watoto, walipakiwa ndege Nairobi na kurudishwa Somalia, wengine wakaishia jela za Ethiopia, huku mawakili wakiwa mahakamani wakiomba wafikishwe mbele ya jaji. Mwaka 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch. Maelfu ya watu walizolewa, wengi kutoka Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Mashambulizi hayakukoma. Shambulio la Garissa lilitokea mwaka uliofuata.

Katiba yetu ya 2010 iliandikwa na watu waliojua haya yote. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 25 kinataja haki nne zisizoguswa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, na mojawapo ni ile ya jaji kuamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake. Nayo hufanya kazi. Agosti 2024 watu watatu walinyakuliwa Kitengela. Mahakama Kuu ilimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aeleze walipo, naye akakaidi. Septemba 13 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita. Wiki moja baadaye watu wale watatu walikuwa huru. Kifungo chenyewe kilifutwa baadaye, lakini wale watu wako hai. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji nyara tangu maandamano ya Juni.

Nataka msomaji ajue haki hii inaonekana vipi huku kwetu, maana haianzii kwa jaji. Inaanzia kwenye kitabu kikubwa cha kaunta, OB. Mama wa Gatwekera au wa Kawangware 46 hufika kituoni kabla ya jua, chupa ya chai mkono mmoja, malapa ya mwanawe ndani ya mfuko wa karatasi, kwa sababu anajua viatu huvuliwa seli. Afisa hupekua kurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Jina likiwepo, mama hupewa nambari, na kwa nambari hiyo ana wakili, ana korti ya Kibera anayoweza kuifikia kwa miguu, ana siku ya kusubiri. Jina likikosekana, anapelekwa kituo cha pili, halafu cha tatu. Jioni anajikuta Siti Mochari, na ile chai haijafunguliwa.

Huyo ndiye mnayemwambia mtoto wake hakukamatwa bure. Hamjaona shtaka, kwa kuwa halipo. Hamjasikia shahidi. Mmeongozwa na jambo moja tu, kwamba walikuja watu wenye bunduki kwenye gari lisilo na nambari, na kutokana na bunduki hizo mkakisia hatia. Mtu mwenye ushahidi hana sababu ya kumficha mshukiwa. Humpeleka mahakamani mchana kweupe, kwa sababu huko ndiko atakakoshinda.

Februari 2007, mwezi uleule Abdul Malik alipokamatwa Mombasa, Kenya ilitia saini jijini Paris mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wasipotezwe na serikali zao. Saini ilibaki saini. Miaka ilipita bila Bunge kuuridhia, na bila sheria yetu kumtaja kwa jina lake mhalifu anayemweka mtu mahali pasipo na OB. Mbunge wa Kibra atakapofika uwanja wa Kamukunji huku Kibera, na wa Dagoretti Kaskazini atakapofika Kawangware, waulizwe hilo kwanza, kabla ya barabara na basari: mkataba ule utaletwa lini, na wao watapiga kura gani?