Boya Lisilolala: Bwawa la Nyumbani na Maji ya Jirani



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kijarida cha haki na amani kikizungumzia bwawa la kuogelea. Wengi wetu hatunalo, wala hatutarajii kuwa nalo. Lakini swali hili tumeletewa na familia moja ya Dar es Salaam, nasi tulipolitafakari tuliona kwamba si swali dogo. Familia hiyo ina bwawa uani, na fundi amewashauri wafunge kifaa kinachojaza maji chenyewe. Gharama wanaimudu. Walichotaka kujua ni kama yafaa kufanya hivyo katika mji unaojua mgawo wa maji. Tunawapongeza kwa kuuliza kabla ya kununua, kwa maana wengi wetu huuliza baadaye, na wengine hatuulizi kabisa.

Kifaa chenyewe na kazi yake

Kifaa hicho si cha ajabu. Kinafanya kazi kama boya lililomo ndani ya tangi la choo cha kuvuta: maji yakishuka, boya hushuka nayo na kufungua koki, yakipanda, boya hupanda na kuifunga. Mwenye nyumba hana haja ya kushika bomba.

Faida yake ipo, wala hatutaki kuificha. Bwawa huwa na tundu la pembeni ambalo pampu huvutia maji ili yachujwe. Maji yakishuka chini ya tundu hilo, pampu huvuta hewa, hupata moto na huweza kuungua. Mtu anayesafiri mara kwa mara ana sababu ya kuhofia jambo hilo.

Hata hivyo, tupige hesabu. Chukueni bwawa la mita 8 kwa mita 4. Kila milimita moja ya maji inayopungua ni lita 32. Katika joto la pwani yetu, tukikadiria kwamba jua na upepo huondoa milimita 5 kwa siku, bwawa hilo litapoteza lita 160, yaani madumu manane ya lita 20. Kwa juma zima maji yatakuwa yameshuka sentimita tatu na nusu tu. Tundu la kawaida lina kimo cha kutosha kuvumilia upungufu huo, maadamu maji yalianzia juu. Basi mtu anayefungua bomba kwa mkono wake mara moja kwa juma, akasimama hapo mpaka maji yafike kwenye alama, hana hasara yoyote. Kinachonunuliwa kwa kifaa hiki, kwa sehemu kubwa, ni kutokusimama hapo.

Hasara isiyoonekana

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kwanza. Bwawa linalojazwa kwa mkono husema ukweli. Likipasuka, au bomba lake likivuja chini ya ardhi, maji hushuka na mwenye nyumba hushtuka. Bwawa lenye boya halisemi kitu. Maji yanayopotea mchana na usiku hurudishwa mchana na usiku, na uso wa maji hubaki palepale, mzuri na mtulivu. Tuseme uvujaji ni wa sentimita moja tu kwa siku. Hizo ni lita 320 kila siku, na kwa mwezi mmoja lita 9,600, yaani madumu 480 yaliyomwagwa mchangani bila mtu kuoga wala kunywa. Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya lazima. Ufa huo mmoja, basi, unakunywa maji ya watu sita wanaopata lita 50 kila mmoja.

Boya halijui mgawo

Hatari ya pili inamhusu jirani moja kwa moja. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Mwezi Oktoba 2022, mto huo ulipopungua kwa ukame, mgawo ulitangazwa, na watu wakakesha wakingoja mabomba. Tunakumbuka jinsi ilivyokuwa: maji hufunguliwa kwa saa chache, pengine usiku wa manane, nyumba zilizo karibu na bomba kuu hupata kwanza, na walio mwinuko hungoja msukumo uwafikie. Mama aliyelala kwa uchovu huamka na kukuta saa za mgawo zimekwisha.

Boya halilali. Maji yanapoingia tu katika bomba, nalo hufungua koki na kuanza kunywa, kwa saa zilezile ambazo jirani anatafuta dumu la kupikia. Mwenye bwawa hajamnyang'anya mtu kitu kwa kusudi. Amelala usingizi wake wa haki. Lakini amekiachia chombo uamuzi ambao angeuona aibu kuufanya mwenyewe, kwani sidhani kama yupo kati yetu ambaye angeamka saa nane za usiku wa mgawo akafungue bomba la bwawa huku akisikia ndoo za jirani zikigongana.

Hatari ya tatu haifahamiki sana. Mgawo unapofungwa, mabomba hubaki matupu na huvuta kilicho mbele yake. Ikiwa mdomo wa bomba la kujazia umezama ndani ya bwawa, maji ya bwawa, pamoja na dawa na jasho la waogaji, huweza kurudi katika bomba la mtaa na kufika katika kikombe cha mtu mwingine. Kinga yake ni rahisi: mdomo wa bomba uwe juu ya kiwango cha mwisho ambacho maji yanaweza kufikia, kwa umbali usiopungua mara mbili ya upana wa bomba lenyewe. Fundi asiyeacha pengo hilo la hewa asiruhusiwe kumaliza kazi.

Je, aliye na kisima chake?

Wapo watakaosema: "Sisi hatutumii maji ya mamlaka, tuna kisima kirefu." Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi swali. Maji yaliyo chini ya kiwanja hayaishii kwenye ukuta wa kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema kwamba rasilimali za maji ni mali ya umma, zikiwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tena sisi watu wa pwani tunajua kwamba visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea ndani na kuvitia chumvi. Anayevuta kupita kiasi leo huenda akawaachia wote maji ya chumvi kesho.

Msimamo wetu

Hatusemi kwamba kuwa na bwawa ni kosa. Watoto hujifunza kuogelea humo, na wapo wagonjwa wanaonyosha viungo vyao majini. Lakini mwezi Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu, na haki ya kunywa hutangulia raha ya kuogelea. Kwa hiyo ushauri wetu kwa familia ile, na kwa yeyote aliye katika hali kama yao, ni huu: msifunge kifaa hicho kwenye bomba la mtaa. Wekeni alama ukutani mwa bwawa, mjaze kwa mkono, na mjaze siku ambayo mtaa mzima una maji.

Kama safari zenu haziwaachii nafasi, kiungeni kwenye tangi la maji ya mvua. Paa la mita za mraba 100, likipata mvua ya milimita 20, hukusanya karibu lita 2,000, ambazo hutosha kufidia maji yaliyokauka kwa siku kumi na mbili hivi. Fungeni mita ndogo kwenye bomba hilo na muisome kila juma. Funikeni bwawa lisipotumika, kwa kuwa kifuniko hupunguza sana maji yanayopotea hewani. Na kila miezi michache lipimeni bwawa kwa ndoo: funga boya, jaza ndoo maji, isimamishe kwenye ngazi ya bwawa, weka alama ndani ya ndoo na nje yake, kisha ngoja siku moja. Maji ya bwawa yakishuka kuliko yale ya ndoo, mna uvujaji, nanyi mmejua.

Mwisho, tunawaomba mkumbuke kwamba katika nyumba nyingi anayefungua bomba hilo si mwenye nyumba, bali kijana wa bustani, ambaye jioni hununua dumu la maji kwenye mkokoteni mtaani kwake. Kabla ya kununua chombo cha kufanya kazi hiyo badala yake, muulizeni dumu moja analinunua shilingi ngapi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani hupata maji ya mwisho wakati wa mgawo, na kwa sababu gani?
2. Ni vifaa gani vingine majumbani mwetu, kama matangi na pampu za kuvuta maji, vinavyochukua kabla ya jirani bila sisi kuona?
3. Tunaweza kukubaliana nini, sisi wenyewe bila kungoja kulazimishwa, kwa siku ambazo maji ni haba?