MAJI YAPI YAFAA KWA KAHAWA?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani maji ya kupikia kahawa. Hapa Bariadi mtu akitaka kusifu kahawa husifu buni. Atasema hii ni ya Kilimanjaro, au hii ni ya Bukoba, au hii imekaangwa ikaiva sawasawa. Maji hayatajwi kabisa. Walakini katika kikombe cha kahawa karibu sehemu 98 kwa kila 100 ni maji matupu. Maji yakiwa mabaya, buni nzuri imepotea bure, na fedha yake pia.

Sisi watu wa Simiyu ni wakulima wa pamba. Kahawa hutufikia kwa gari, na maji twayapata kwa jasho. Kwa mwaka mmoja nyumba moja yaweza kutumia maji ya aina nne: ya mvua, kuanzia Novemba hadi Mei; ya kisima cha pampu; ya lambo; na kiangazi kikizidi, ya mashimo yanayochimbwa katika mchanga wa mto Simiyu au mto Duma. Mama huchota yaliyo karibu, na hakuna wa kumlaumu. Lakini palipo na aina mbili uani, hapo pana kuchagua, nami nataka tuchague kwa akili.

Maji ya lambo nitayapita upesi. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa katika mpango wa maendeleo wa miaka ya 1947 hadi 1956, nayo yaliokoa ng'ombe wengi. Ni maji ya ng'ombe. Mtu akishurutika kuyanywa na ayachuje, ayachemshe, wala asijisumbue kutafuta ladha humo. Maji ya mchangani ni afadhali, maana mchanga huyachuja yakawa meupe, ila weupe wake usitudanganye, kwa kuwa mifugo hupita palepale. Hayo nayo ni ya kuchemshwa.

Mashindano yenyewe basi ni kati ya kisima na mvua. Sisi wa Kidato cha Tatu tumejifunza maji magumu na maji laini, na kipimo chake hakihitaji maabara. Tia maji katika chupa, katia sabuni kidogo ya kufulia, tikisa. Povu likijaa upesi, maji ni laini. Likikataa, na badala yake ukaona utando kama wa maziwa yaliyoganda, maji ni magumu, yana chokaa. Maji kama hayo ndiyo yaachayo ukoko mweupe ndani ya birika, na ndiyo yatiayo utando mweusi juu ya chai ya rangi.

Madini hayo si adui wa kahawa yakiwa machache. Husaidia kuvuta utamu wake kutoka katika unga. Yakizidi, ile chokaa iliyoyeyuka huua uchachu mwanana wa kahawa, na uchachu huo ndio unaoipa kahawa ya Kilimanjaro jina lake. Itakuwa chungu iliyopoa, kama maji yaliyopita katika majivu. Kahawa ya robusta ya Bukoba haina uchachu mwingi wa kupoteza, kwa hiyo haidhuriki sana. Ndiyo maana nawaambia wenzangu kwamba mwenye kisima kigumu asitupe fedha yake kwa kahawa ya bei kubwa. Au kwanza ayachemshe maji dakika 10, ayaache yatulie mpaka chokaa ishuke chini, amimine ya juu taratibu, ndipo apikie.

Likizo ya Desemba nilipika mabirika mawili nyumbani, kahawa ile ile, vijiko vile vile, moja kwa maji ya kisima na moja kwa maji ya mvua. Mimi nilipenda ya mvua. Bibi yangu alionja zote mbili, akachagua ya kisima bila kusita. Alisema, "Mjukuu wangu, hii ya mvua imepooza. Ya kisima ina nguvu." Sikubishana naye, na kwa ulimi hakukosea kabisa, maana maji ya mvua karibu hayana madini, na kahawa yake huwa kali kidogo pembeni mwa ulimi. Lakini jibu lake lilinifikirisha kuliko masomo yangu. Kumbe sisi huchagua maji kwa ulimi, na kuna jambo ambalo ulimi hauwezi kulijua.

Jambo hilo ni floraidi. Katika mikoa ya Arusha, Shinyanga, Mara na huku kwetu Simiyu kuna visima ambavyo maji yake yana madini hayo kwa wingi, yakitoka katika miamba. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kuuma. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu ya uhaba wa maji. Nimesikia watoto wakichekwa kwamba hawapigi mswaki, nao wanapiga kila asubuhi. Dhihaka hiyo ni ya ujinga, na yafaa ikome, hasa humu shuleni.

Wengi watasema, "Sisi huchemsha." Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo ni wajibu. Floraidi haifi kwa moto. Tena birika likikaa jikoni asubuhi nzima maji hupungua na madini hubaki, kwa hiyo kila kikombe cha baadaye kina madini mengi kuliko cha kwanza. Majani ya chai nayo yana floraidi yake yenyewe, maana mchai huivuta kutoka ardhini. Buni haina tabia hiyo. Kwa mtu mzima mwenye kisima cha mashaka, naona kikombe cha kahawa ni afadhali kuliko chai nzito ya kuchemshwa sana. Watoto wapewe maji ya mvua, basi.

Je, maji ya mvua yatatosha? Tupige hesabu. Bati la nyumba ya mita 6 kwa 10 lina eneo la mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10 tu hulishushia lita 600. Nyumba inayotumia lita 10 kwa siku kwa kunywa na kwa birika, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Oktoba, siku 153, yahitaji lita 1,530. Tangi la lita 2,000 latosha na kubaki, mradi lisiibiwe kwa kufulia. Mvua za kwanza zisikingwe, zioshe kwanza bati vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunikwe, mdomo uwekewe wavu kwa ajili ya mbu, na maji yachemshwe kama mengine.

Wanaoungana na bibi yangu kutaka nguvu, nawapa shauri la kuchanganya. Kisima chenye miligramu 3 kikichanganywa nusu kwa nusu na mvua hushuka hadi 1.5, chokaa nayo hupungua nusu, na kahawa hupata mwili. Bibi aliinywa ya namna hiyo bila kulalamika. Ila huwezi kuchanganya kwa kukisia. Sharti kisima kipimwe kwanza, na kupima ni kazi ya maabara ya maji. Wazazi waiombe.

Najua maji ya Ziwa Victoria yametajwa sana. Mpango wake kwa mkoa wetu uliidhinishiwa msaada na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, kuanzia Busega, Itilima na Bariadi, kisha Maswa na Meatu. Maji ya ziwa hilo ni laini yenye madini kiasi, na kwa kahawa sijui ya kuyashinda. Yakifika bombani na harufu ya dawa, yaachwe wazi usiku kucha. Lakini bomba halijafika kila kijiji, na mvua hufika hata kwa asiye na bomba.

Bwana Mhariri, nimalizie kwa ombi. Maabara yetu ya kemia ina bati pana pande mbili, na gata upande mmoja tu, nalo humwaga maji chini ya mwembe. Kidato cha Tatu tuko tayari kuchimba msingi wa tangi na kubeba mawe siku ya kazi za mikono. Twaomba shule itupatie gata la pili na tangi kabla ya Novemba.