Mlango wa Gari Haufungwi kwa Kubamizwa

Liko jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena, nalo ni mlango wa gari usioshika. Simama kando ya barabara yoyote hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari au kule penye foleni ya feri ya Likoni, uhesabu ni magari mangapi ambayo mlango wake hufungwa mara tatu ndipo ukubali. Mara ya kwanza hufungwa kwa adabu, ya pili kwa hasira, na ya tatu kwa kishindo cha kumwamsha aliyelala ghorofani. Na ipo milango ambayo hata kishindo hakiifai. Hiyo imefungwa kamba ya nailoni, ncha moja kwenye mkono wa mlango na nyingine kwenye kiti, na abiria aliyeketi hapo hupewa kazi ya kuishika kana kwamba yeye ndiye kitasa.

Tukiulizwa, husema ni umaskini. Mimi nakataa. Mara nyingi mlango wa namna hii hutaka bisibisi, grisi kidogo na nusu saa ya subira, na hakuna mwenye gari aliyekosa vitu hivyo vitatu isipokuwa hicho cha mwisho.

Tena sisi watu wa pwani ndio tusiokuwa na udhuru kabisa wa kutouelewa mlango. Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamesifika duniani kwa milango yao. Mlango wa Kiswahili una vizingiti, una miimo, una mfaa katikati, na kila kipande kina jina lake na kazi yake. Una komeo, una riza, yaani ule mnyororo, na riza huingia katika tumbuu, kile kipande cha chuma kilichopindwa kikagongomewa mbaoni. Sasa ufungue mlango wa gari lako, utazame mwimo wake, ile nguzo ya bodi ambayo mlango huja kuigusa. Utaona kipande cha chuma kilichopindwa, kimekazwa kwa skrubu mbili. Je, hiyo si tumbuu? Vijana wa gereji huiita kwa jina la Kizungu, nami sigombani nao, lakini jina lake tulikuwa nalo kabla gari lenyewe halijashuka bandarini. Na asiyekijua kitu kwa jina ni tabu kumwuliza fundi habari zake. Ndipo husema tu, “Fundi, mlango una shida,” na fundi naye hutoza anavyotaka.

Tumbuu hiyo hupokewa na kitasa kilichofichwa ndani ya ubavu wa mlango. Kitasa kina ulimi uliopasuka mfano wa uma. Mlango ukija, uma hugongana na tumbuu, huzunguka, na kuikumbatia. Nyuma ya uma kuna kizuizi kidogo chenye springi, nacho hudumbukia katika pengo ili uma usirudi. Mapengo hayo ni mawili, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mlango uliofungika barabara hulia mara mbili: tik, tik. Ukilia mara moja umeshika nusu, na aliye ndani hudhani amefunga.

Nusu hiyo ina hesabu yake. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichunguza ajali wakaona jinsi milango inavyofunguka na watu wakarushwa nje, na kurushwa nje ndiko kulikowaua wengi. Kampuni ya Ford ikatia vitasa vyenye mshiko wa nguvu zaidi katika magari yake ya mwaka 1956. Kisha ikaja kanuni ya Marekani nambari 206, iliyoanza kutumika mwaka 1968, inayotaka kitasa kilichoshika kikamilifu kihimili mvuto wa paundi 2,500 kwa urefu wa gari, yaani kama kilo 1,130. Kilichoshika nusu hutakiwa kihimili paundi 1,000 tu, kama kilo 450. Basi mwenye kupuuza ule mlio wa pili ameitupa zaidi ya nusu ya nguvu ya kitasa chake kabla hajatia gia.

Magari yetu mengi hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na sheria ya Kenya huyaruhusu yasiyozidi miaka 8. Mlango uliofunguliwa na kufungwa miaka hiyo yote, kisha ukaletwa kwenye mchanga wetu na upepo wetu wa chumvi, hauna budi kulalamika. Chumvi hula chuma, na mchanga hushikana na grisi kuukuu ikawa kama gundi.

Mwenye kutaka kujua ugonjwa uko wapi na aanze na kitasa, mlango ukiwa wazi. Ausukume ule uma kwa bisibisi, asikilize. Ukilia mara mbili, kisha akavuta mkono wa mlango uma ukarudi kwa mruko, kitasa ni kizima. Ukienda kwa uzito, au ukakataa kurudi, dawa ni brashi na mafuta ya taa mpaka weusi wote utoke, kikaushwe, kisha kitiwe grisi mpya. Na asisahau kuufungua uma kabla ya kuufunga mlango, maana uma uliojifunga hauna pa kuipokea tumbuu. Nimewaona watu wazima wakiubamiza mlango wa namna hiyo mpaka rangi ikabanduka, kumbe ni mtoto aliyechezea kitasa kwa kidole, na tiba ilikuwa kuvuta mkono wa mlango mara moja tu.

Kitasa kikiwa hakina neno, ashike mlango kwenye ncha yake, aunyanyue. Ukipanda na kushuka, bawaba zimelika. Milango ya mbele ya teksi ndiyo yenye maradhi haya zaidi, kwani kila anayeshuka huuegemea kama kitanda cha mwakisu. Mafundi wavivu hapa hufanya hila: badala ya kutengeneza bawaba, huiteremsha tumbuu iufuate mlango ulioinama. Mwezi ukipita mlango umeinama tena, na safari hii tumbuu haina pa kuteremkia.

Bawaba zikiwa imara ndipo inapofika zamu ya tumbuu yenyewe. Mtu achukue wanja wa mkewe, kwa idhini, aipake, kisha aufunge mlango polepole na kuufungua. Wanja utakapofutika ndipo panapogongana. Achore mstari wa kalamu kuizunguka tumbuu ili ajue ilikokuwa, alegeze skrubu bila kuzitoa, kwani katika magari mengine kibati cha nyuma huweza kuangukia ndani ya nguzo na kumletea msiba mwingine. Aisogeze kwa unene wa sarafu, akaze, ajaribu. Ikisogea nje mlango hufungika kwa wepesi. Ikisogea ndani mlango hubana zaidi. Mwenye raba mpya mlangoni asishangae ukimrudishia kidogo siku za mwanzo, raba italala. Na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani pengine hauna ugonjwa wowote: uutazame ubavuni, utakuta kile kidude cha kuwazuia watoto kimewashwa.

Milango ya kuteleza ya matatu ina mambo yake. Hiyo huenda kwa magurudumu madogo katika reli, na magurudumu yakilika mlango hulegea nyuma, kitasa kikaikosa tumbuu. Makanga anayening'inia hapo tangu asubuhi hadi Isha ndiye anayeyamaliza, lakini hilo ni la siku nyingine.

Lililonitia kalamu mkononi ni gari la kuwachukulia watoto wa chuoni nililoliona mwezi uliopita, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Watoto walikuwa wamejaa, juzuu mapajani, na mdogo wao kuliko wote ndiye aliyeketi mlangoni kwa kuwa ndiye aliyeenea. Nikamsimamisha dereva, kijana mwenye adabu zake. Akaniambia, “Ami, Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi.” Nikamjibu, “Kweli, mwanangu, na yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba naye alisema hivyo hivyo, na Mtume akamwamuru amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali.” Akacheka, akaniambia kuwa yeye amefunga, mpira ule pale. Huo ndio ufundi wetu siku hizi, wa kuijibu hoja na kuliacha jambo.

Tulikwenda kwa fundi wa mtaani pamoja. Fundi akausukuma uma kwa bisibisi, haukwenda. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama sizi la chungu. Alikiosha, akakitia grisi, akaisogeza tumbuu kidogo, na kabla ya adhana ya Alasiri mlango ulikuwa unalia mara mbili kwa kidole kimoja. Malipo yake hayakufika nauli ya wale watoto kwa siku mbili. Dereva aliniambia mpira ule ulikuwa na miezi minne.

Wala wasitwambie kuwa kamba ni afadhali kuliko kuwa wazi. Mlango uliofungwa kamba una ubaya wa pande mbili. Gari likipinda kwa ghafla huachia, na gari likishika moto haufunguki. Aliye nje haioni kamba, na aliye ndani, tena akiwa mtoto wa miaka sita mwenye hofu, hawezi kuifundua.

Kamati za vyuo huwa makini sana kwa karo, sare na kuhifadhi, na hilo ni jema. Ningependa mjumbe mmoja asimame mlangoni asubuhi ya Jumamosi, watoto wakipakiwa, azime redio ya dereva na asikilize kila mlango unapofungwa. Utakaolia mara moja, gari lisiondoke. Na mpira wa baiskeli urudishwe kwenye baiskeli.