Mkono Uliolegea Si Uchawi

Hapa Ishiara msimu wa maembe huja na vilio vyake. Mwaka jana binamu yangu aliteleza mwembeni akavunjika mfupa wa mkono, juu ya kiwiko. Kiganja kikaning'inia, vidole havinyooki. Nyanya akasema, "Huyu karogwa!" Mbuzi akachinjwa, mkono ukafungwa vijiti na kamba ikakazwa kweli kweli.

Mimi napinga, tena kwa sauti. Neva ya radiali, ile inayoinua kiganja, imeuzunguka mfupa huohuo. Ukivunjika, neva huweza kuvutwa au kubanwa. Hata mlevi akilala kitini mkono umeegemea mgongo wa kiti, huweza kuamka vivyo hivyo, na aliyemroga ni chupa tu. Kukaza kamba ni kuiminya neva zaidi na kuzuia damu. Mtu aweza kupoteza mkono mzima!

Hospitalini mfupa ulifungwa vizuri, kiganja kikaegemezwa kwa banzi, akafundishwa kunyoosha vidole kila siku. Neva iliyoumia hukua kama milimita 1 kwa siku, basi ni kungoja miezi. Wengi hupona bila kupasuliwa. Asiyeona dalili baada ya miezi kadhaa hupimwa tena.

Mwezi wa nne binamu aliinua kiganja, akatupungia. Nyanya angali anasema ni yule mbuzi.