Odisha: Utajiri Chini ya Miguu ya Maskini

Mnamo Juni 2024, wananchi wa Odisha, jimbo kubwa la mashariki mwa India, walihitimisha kwa kura utawala wa Naveen Patnaik uliodumu kwa miaka 24. Waziri Kiongozi mpya, Mohan Charan Majhi, ni Msantali, yaani mmoja wa jamii za wenyeji asilia, na anatoka Keonjhar, wilaya yenye migodi mingi ya chuma. Rais wa India tangu Julai 2022, Bi. Droupadi Murmu, naye ni Msantali wa Odisha. Ni jambo la kushukuru kwamba watu waliodharauliwa kwa muda mrefu wamefika katika baraza la wakubwa. Lakini yatupasa kuuliza: je, sauti ya mwanakijiji wa kawaida nayo imefika huko?

Odisha ina kilometa za mraba zipatazo 155,700, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu karibu milioni 42. Upande wa Ghuba ya Bengal ni tambarare yenye rutuba, nchi ya mpunga inayonyweshwa na mto Mahanadi. Bara yake ni milima na misitu, makazi ya wenyeji asilia, ambao ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Ardhi ya jimbo hili imebeba karibu kromiti yote ya India, takriban nusu ya boksiti yake na theluthi moja ya madini yake ya chuma. Hata hivyo, kutoka wilaya za magharibi familia nzima huondoka kila mwaka kwenda kufyatua matofali katika majimbo mengine, na vijana wa Ganjam husafiri hadi Surat kutafuta kazi katika viwanda vya nguo. Madini huondoka kwa treni, na wenye nchi nao huondoka kwa treni.

Historia yaonyesha jinsi maamuzi yaliyofanywa mbali na wananchi yalivyowagharimu. Katika njaa ya mwaka 1866, serikali ya kikoloni iliyokuwa Calcutta ilichelewa kuleta chakula hadi bahari ya msimu wa mvua ikazifunga bandari. Watu wapatao milioni moja walikufa. Baada ya uhuru, bwawa la Hirakud, lililozinduliwa mwaka 1957, lilileta umeme na maji ya umwagiliaji, lakini zaidi ya watu 100,000 walipoteza makazi yao, na wengi hawakupata fidia ya haki.

Hata hivyo, Odisha imetupatia pia mifano miwili ya matumaini. Kimbunga cha Oktoba 1999 kiliua watu wapatao 10,000. Baadaye serikali ilijenga majengo ya kujihifadhi, ikawafundisha watu wa kujitolea vijijini na kuhakikisha tahadhari inafika kila nyumba. Kimbunga Phailin kilipopiga Oktoba 2013, watu karibu milioni moja walikuwa wamehamishwa, na waliofariki hawakufika 50.

Mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya India iliamuru kwamba mpango wa kuchimba boksiti katika milima ya Niyamgiri, ambayo ni mitakatifu kwa Wadongria Kondh, upelekwe kwanza katika mikutano mikuu ya vijiji. Vijiji 12 viliulizwa, na vyote 12 vilikataa. Mpango ukasimama.

Mahali ambapo ugomvi wa ardhi na umaskini viliachwa bila suluhu, chuki ilipata kuni. Agosti 2008, huko Kandhamal, baada ya kiongozi mmoja wa Kihindu kuuawa, Wakristo walishambuliwa. Makumi waliuawa, na zaidi ya watu 50,000 walikimbia makazi yao, wengi wao wakiwa maskini wa jamii zinazodharauliwa. Oktoba 2023, Vatican iliruhusu kuanza kwa mchakato wa kuwatangaza Wenyeheri Kantheswar Digal na wenzake 34. Damu yao yatukumbusha kwamba amani haitenganiki na haki.

Katika Waraka wake wa Kitume Laudato si’ wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba jamii asilia zinapaswa kuwa wadau wakuu katika mazungumzo juu ya miradi inayogusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi si bidhaa, bali ni zawadi ya Mungu na ya wahenga wao. Kipimo hicho kinawahusu viongozi wapya wa Odisha leo. Katika milima ya Sijimali, wanavijiji wanapinga mradi mwingine wa boksiti, wakidai kwamba idhini ya mikutano yao ilighushiwa. Aidha, tangu mwaka 2015 sheria inawataka wenye migodi kuchangia mfuko wa maendeleo wa kila wilaya, na fungu la Keonjhar ni kubwa kuliko yote jimboni. Haki inadai kwamba fedha hizo zionekane katika zahanati, visima na shule za vijiji vilivyochimbwa.

Kiongozi aliyezaliwa miongoni mwa maskini ni ishara njema, lakini ishara haitoshi. Sisi Watanzania, ambao sheria zetu pia zinautambua mkutano mkuu wa kijiji, tunalo la kujifunza: mkutano huo usigeuzwe muhuri wa kubariki yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Mwanakijiji aulizwe kabla ya mashine kufika, naye awe huru kukubali au kukataa.